Riwaya za mapenzi ya kale zenye fumbo: zinazonishika na zinazonichosha

Mapenzi ya leo yana vizuizi vichache. Wawili wakikosana, simu ipo mkononi, jambo linakwisha kabla ya magharibi. Zamani barua ya Unguja ilingoja meli. Taharuki ya riwaya hizi inakaa humo, katika kungoja, na ndiyo inayonifanya nizinunue.

Kipimo changu kipo hapa hapa nyumbani. Seyyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, alipendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete. Akashika mimba, na Agosti 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza, Highflyer, hadi Aden. Ruete akabaki nyuma kumaliza hesabu zake. Ndoa ikafungwa Aden mwaka 1867. Fumbo limeshajisuka: nani kajua, nani kaona, mtumishi gani atafungua kinywa?

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokagua ni kalenda. Jahazi la mpenzi likitoka Maskati na kutia nanga Unguja mwezi wa Julai, nishaanza kumtilia shaka mwandishi. Majahazi ya huko huja na kaskazi, Disemba hadi Machi, na hurudi na kusi. Simu ya maandishi ikipokelewa Unguja kabla ya 1879, kebo ilikuwa haijafika. Beit al-Ajaib nayo, jumba la sultani, imejengwa 1883. Msinione mkorofi: khabari ikiweza kufika kwa siku moja, uongo wa sura ya tano hausimami hata wiki, na kitabu kizima kinaporomoka.

Za Uingereza nazisoma vivyo hivyo. Wapenzi kukimbilia Gretna Green, kijiji cha Scotland mpakani, wakaoane kuna maana, kwani sheria ya ndoa ya 1753 ilitaka idhini ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 21, na Scotland haikuwamo katika sheria hiyo. Lakini mpelelezi wa London mwaka 1815 akisaka alama za vidole, nafunga kitabu; polisi wa huko walianza kuzitumia kwa mpango 1901.

Zinazonichosha zaidi ni zile ambazo mapenzi na fumbo hayajuani: sura moja ya maiti, sura moja ya kushikana mikono. Nataka ushahidi umguse mpenzi mwenyewe, ili bibie akimwamini ahatarishe shingo yake. Na muuaji awe nishakutana naye mapema. Wa kuletwa kurasa kumi za mwisho ni utapeli mtupu.

Ukinunua kilichotumika, tazama ukurasa wa mwisho kabla hujalipa. Masika hulegeza gundi ya mgongo, na karatasi za mwanzo na mwisho ndizo zinazong'oka kwanza. Hadithi nyengine ingestahamilika. Hii, mwisho ukipotea, umenunua karatasi za kufungia kashata.