Kupata nyumba ya bei nafuu Lubumbashi kwa mkono wa komisioneri: uzoefu wangu

Nimehamia mtaa wa Bel-Air, komini (wilaya ya mji) ya Kampemba, na nyumba nilitafutiwa na komisioneri, yaani dalali wa nyumba. Huduma yake naisifu, lakini kuna kazi ambayo komisioneri yeyote hatakufanyia, na hiyo ndiyo inayoamua kama nyumba ni nafuu kweli.

Hapa kodi inatajwa kwa dola. Katikati ya mji na kule mtaa wa Golf bei zimepandishwa na watu wa kampuni za migodi, mwalimu hawezi kuzigusa. Sisi wengine tunatafuta kwenye komini za Kampemba, Kenya, Katuba au Ruashi. Ukienda hadi Annexe, komini ya pembezoni, kodi inashuka, lakini nauli ya taksi-basi asubuhi na jioni inakula chote ulichookoa.

Komisioneri anadai kwanza pesa ya kutembelea nyumba (mimi nilitoa dola 5), halafu ukishapata nyumba unampa kodi ya mwezi 1. Mzigo mkubwa hasa ni garanti, yaani pesa ya dhamana anayoishika mwenye nyumba. Nyumba ya dola 120 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka garanti ya miezi 6, ni dola 720. Weka komisheni 120, tayari ni 840, na gari la kuhamisha vitu bado.

Wa kwanza niliyempata kwa WhatsApp alinitumia picha nzuri, akachukua pesa yake, akanipeleka kwenye nyumba yenye watu ndani. Mama wa humo alikuwa anakaanga samaki, hana hata habari ya kuhama. Nilichukizwa sana, maana anayetafuta nyumba ya bei ya chini ndiye asiye na dola 5 za kutupa.

Wa pili ni kijana anayejua kila parseli (kiwanja) ya mtaa. Tulifika kwenye nyumba iliyonipendeza, ukuta wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba parseli haiuzwi. Akanivuta pembeni: "Mama, hii achana nayo. Watoto wa marehemu wanagombana, kila mmoja anakuja kudai kodi." Kwa neno hilo moja, komisheni yake aliistahili.

Ila kuhusu maji na umeme, usimwachie yeye. Rudi peke yako saa moja jioni. Kwenye mtaa mmoja utakuta upande huu wa barabara taa zinawaka, ng'ambo ni giza. Fungua bomba. Zungumza na anayeuza makala (mkaa) karibu na lango. Wangu aliniambia maji yanakuja usiku wa manane na kila nyumba inaamka kujaza mabidoni. Kama kuna kisima, chungulia mwezi wa 9 au wa 10, kiangazi kikiwa kinaisha, maana baada ya mvua za Novemba kila kisima kinaonekana kizuri. Dari nayo itazame vizuri: madoa ya kahawia yanaonyesha bati linavuja.

Sasa garanti. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Wapangaji wengi hawajawahi kuisikia, na mtu anauza hadi friji ili afikishe miezi 6. Mimi nilikuwa nayo kwenye simu, nikamwonyesha mwenye nyumba kwa heshima.

"Mama, wengine wote wananipa sita," akasema.

"Naelewa, mama. Lakini tukiandika mitatu, kodi yako utaipata kila tarehe 5, na karatasi tutasaini sote na mashahidi."

Akanyamaza, akamwita mwanawe mkubwa asome. Tukasaini miezi 3, nakala mbili. Komisheni nililipa nusu siku hiyo, nusu nilipopewa ufunguo, na nawashauri msitoe yote kabla ya ufunguo.

Kwa Kampemba ningemtumia kijana huyo tena bila kusita. Katuba ningetembea mwenyewe: huko wenye nyumba wengi wanaishi ndani ya parseli ileile, ukibisha hodi wanakutolea kiti na mnaongea bei papo hapo.