Lavenda ipi inafaa kununuliwa kwa bustani ya nyumbani Uganda

Anayekwenda kwenye kitalu cha miche kutafuta lavenda huvutwa na maua, ilhali uhai wa mmea huo hutegemea aina yake na hali ya mizizi. Lavenda ni mmea wa vilima vikavu vyenye mawe vya nchi za Mediterania, na huku kwetu hauuawi na jua bali na maji yanayotuama shinani katika misimu yetu miwili ya mvua.

Nafasi ya kwanza naipa Lavandula dentata, ile ambayo kingo za majani yake zina meno kama ya msumeno. Haihitaji majira ya baridi ili ichanue, kwa hiyo hata Kampala, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, inakupa maua. Harufu yake inaelekea kafuri, na anayetaka maua ya kutia kwenye chai hataridhika nayo.

Ya pili ni Lavandula stoechas, inayostahimili udongo wenye asidi kuliko wenzake, jambo la maana sana kwa udongo wetu mwekundu. Ya tatu ni lavandini, chotara yenye harufu kali, lakini ni tasa: anayekuuzia pakiti ya mbegu za lavandini ya aina ya 'Grosso' anakuuzia kitu kingine. Lavandula angustifolia ndiyo tamu kuliko zote jikoni, nami naipenda mno, ila huchanua vizuri inapopata ubaridi, kwa hiyo ningemshauri mkazi wa Kabale, kwenye milima yenye baridi, ainunue, si wa Entebbe kando ya ziwa.

Mbegu za aina yoyote naziweka mwisho, kwa sababu huota polepole na miche yake haifanani. Afadhali mche mdogo uliotokana na kipandikizi, yaani kitawi kilichokatwa kwenye mmea mama.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kutazama chini ya kiriba, yaani mfuko wa mche. Mizizi myeupe ni dalili njema. Ya kahawia, laini na yenye harufu ya kuoza haitibiki, hata kama juu kumejaa maua. Mizizi iliyojizungusha mara nyingi inaonyesha kwamba mche umekaa humo muda mrefu mno. Fedha ambazo ungenunulia samadi, nunulia mchanga wa chembe kubwa, kokoto na chungu cha udongo chenye tundu, kwani samadi nyingi hunenepesha majani na kupunguza maua.