Mwaka mmoja na mashine yangu ya kwanza ya mkono mrefu

Kwa miaka sita nilishona kwilti, yaani blanketi la vitambaa lenye pamba katikati, kwa cherehani ya kawaida, kitambaa na pamba nimevibananisha chini ya mkono wake hadi mabega yakawaka moto. Ndipo nikanunua mashine ya mkono mrefu, ile ambayo kwilti inatulia kwenye fremu na mashine yenyewe ndiyo inatembea juu ya reli.

Wakati wa kuchagua, macho yangu yote yalikuwa kwenye urefu wa fremu. Kumbe fremu ikishaupita upana wa kwilti yako kubwa, inatosha. Kinachobana ni nafasi ya kutoka kwenye sindano hadi shina la mashine. Yangu ina inchi 18, lakini sizishoni zote. Sehemu iliyokwisha kushonwa inaviringwa kwenye bomba la nyuma, bomba linanenepa, na nafasi inazidi kuliwa. Nikiweka pamba nene, safu za mwisho nabaki na inchi 12 au 13, na maua makubwa ya mshono niliyoanza nayo juu hayaenei tena. Leo ningenunua ya inchi 20 au zaidi, hata kwa kusubiri.

Kidhibiti cha mshono usikiache. Vihisi vinapima mwendo wa mashine, sindano inakwenda kasi au polepole kuufuata, na mshono unabaki sawa hata mkono ukisita. Mimi naweka mishono 10 kwa inchi.

Muuzaji alinionyesha kila kitu kwa uzi wake na kitambaa chake, nami nikaridhika. Nyumbani, kwilti ya pili, uzi wa juu haukuwa umekaa vizuri kwenye visahani vya tensheni, vile vinavyoubana uzi. Juu palipendeza. Chini palijaa vitanzi, na sikuviona mpaka nilipokuwa nimeshaviringa safu nzima. Nilifumua jioni mbili. Kwa hiyo nenda na uzi wako, pamba yako, shona kipande, kisha inama uchungulie chini.

Sasa kila nikibadili bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, naining'iniza kesi yake kwa uzi na kuitikisa kidogo. Ikishuka kidogo na kusimama, naendelea. Ikiporomoka moja kwa moja, nakaza skrubu ya kesi kidogo sana, chini ya robo mzunguko, naijaribu tena. Halafu nashona pembeni kwanza, kwenye ile akiba ya kitambaa cha chini, ndipo naingia kwenye kwilti yenyewe.