Taima ya kuzungusha kwa mkono: inalinda kazi kubwa, ila ina makelele

Anayetafuta kifaa cha kisasa asisumbuke kusoma. Taima hii haina intaneti, haina programu, hata betri haina. Ni duara la plastiki linaloenea kiganjani, limeandikwa dakika 0 hadi 60. Unaizungusha, diski nyekundu inajitokeza, na kadiri muda unavyokwenda ule wekundu unapungua mpaka unakwisha na kengele inalia. Basi. Haijui kingine, na ndicho kilichonifanya niipende.

Mimi ni mhariri wa miswada. Kazi ninayolipwa ni kusoma sura nzima na kuona hoja inapolegea. Lakini hakuna anayenipigia simu kuniuliza sura ya nne imelegea wapi. Wanaopiga wanataka kujua kama faili limefika, kama namba za kurasa zikae juu au chini, kama ankara imetumwa. Kila kimoja dakika mbili tu! Na hata wao wakinyamaza, mkono wangu hujitafutia: kubadili jina la faili, kusawazisha fonti za vichwa vya habari, kupanga folda za mwaka jana ambazo hakuna atakayezifungua. Vikazi hivi ni vitamu kwa sababu vinaisha. Sura ya nne haiishi.

Mwaka 2018 watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu huelekea kuchagua kazi ambayo muda wake unakaribia kwisha, hata pale kazi nyingine inapokuwa na faida kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoona taima inanifaa nini. Inaikopesha kazi kubwa kile ambacho vikazi vidogo huja nacho siku zote: haraka. Nikitupia jicho ule wekundu umebaki kipande chembamba, namaliza aya niliyokuwa nataka kuikimbia.

Wengi huitumia kwa mtindo wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, aliouanzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwangu 25 hazitoshi. Ndiyo kwanza nimeushika uzi wa mwandishi, kengele hiyo. Naweka 50, na nikitoka hapo natembea kweli, sikai nikafungua kitu kingine kwenye skrini.

Simu ina taima, najua. Ila ukiishika kuiwasha umeshaona nani kaandika nini, na huyo aliyeandika anataka jibu.

Sasa kasoro. Kwanza, inagonga tik-tik muda wote. Nimeiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa na bado naisikia chumba kikiwa kimya. Kengele nayo haipunguzwi sauti. Pili, ukitaka dakika chache, tano tuseme, lazima uizungushe kwanza hadi karibu nusu duara ndipo uirudishe, la sivyo springi haipati nguvu na mlio unatoka kama umekabwa. Usahihi wake ni wa kukadiria, dakika moja huku au huku. Kwa maabara haifai. Kwa mswada si neno.

Kasoro kubwa kuliko hizo si ya kiwandani. Taima haijui umeiwekea kazi gani. Ukiiwekea barua pepe, itakulindia barua pepe kwa uaminifu uleule, na utainuka umechoka na sura ya nne iko palepale. Kwa hiyo kabla ya kuizungusha nabandika mbele yake kipande cha karatasi chenye mstari mmoja. Siandiki “mswada”, kwa sababu chini ya neno hilo hata fonti zinaingia. Naandika swali: mwandishi anaiacha wapi hoja yake ya kwanza? Kikazi kikinijia katikati nakiandika kwenye karatasi nyingine na kuendelea. Inashangaza ni vingapi hujifia humo. Nikirudi kwenye simu, mwulizaji wa namba za kurasa ameshajijibu mwenyewe.

Nyota 4 kati ya 5. Anayefanya kazi chumba kimoja na wenzake anunue ya betri isiyogonga, yenye taa badala ya kengele, au watamtupia nje yeye na kidude chake. Na kama kazi yako ni kupokea simu za wateja, hela yako iache mfukoni, maana kwako kukatizwa ndiyo kazi yenyewe.