Rekoda ya kufunga kwa mti: uzoefu wangu na sauti za vyura wa Kakamega

Nimekuwa na hii rekoda tangu mvua ndefu ianze, kwa hivyo naweza kuiongelea sasa. Ni kadude kadogo kanatosha kwa kiganja, hakana skrini, kanakula betri tatu za kawaida na memori kadi, unakapangia saa kwa laptopu ukiwa nyumbani, unaenda unakafunga kwa mti na kanarekodi kenyewe usiku mzima wewe ukiwa zako kitandani. Mimi nafundisha bayolojia hapa Kisumu na nilitaka kitu wanafunzi wangu wa klabu wataelewa kuhusu vyura wa miti wa msitu wa Kakamega, maana hao huwaoni. Wako juu kwa majani, ni usiku, na ukikaribia na tochi wananyamaza wote utadhani stima imepotea.

Kurekodi, inarekodi vizuri sana, hapo sina neno. Anayeita ni dume anatafuta jike, na tofauti na ndege wengi ambao wanafunzwa kuimba, chura anazaliwa na wito wake, hakuna mtu anamfunza. Ndio maana sauti ni ushahidi mzuri wa spishi kuliko rangi. Chukua Hyperolius viridiflavus, wale wadogo wa matete, huyu ana mistari, huyu ana madoa, wa kule wana rangi nyingine kabisa, ukienda na macho peke yake utahesabu spishi nyingi mahali iko moja. Na inaweza kuwa kinyume pia: hawa Leptopelis wa miti wa Kakamega walikaa miaka mingi chini ya jina modestus, ambalo ni la chura wa Kameruni, hadi 2006 ndio watafiti Köhler, Beryl Bwong na wenzao wakawapa jina lao, Leptopelis mackayi.

Kile kimenifurahisha zaidi ni kuona sauti. Faili naifungua kwa Audacity, programu ya sauti ya bure, naigeuza iwe spektrogramu, yaani picha ambayo muda unaenda kulia na mlio mwembamba unapanda juu. Leptopelis anatokea chini, kipande kifupi kinene, kimya kirefu, kisha kingine. Hyperolius wako juu yake, vijistari vyembamba vimebanana kama meno ya kitana, na juu zaidi kuna utando mzima wa nyenje ambao hauishi hadi alfajiri. Wanafunzi waliona hiyo picha wakaanza kubishana nani ni nani bila mimi kusema kitu. Na yule mzee wa msitu alinitembeza upande wa Isecheno hata hakuhitaji laptopu, alisikiliza kidogo tu akaniambia, "Mwalimu, hapo kuna wawili, mmoja ako chini ya mwenzake," na kweli kwa spektrogramu walikuwa wawili.

Sasa mahali watu wanauziwa mbuzi kwa gunia ni hapa. Muuzaji aliniambia ati nikishapata sauti za kutosha nitajua chura gani ni ndugu ya gani. Hapana bana. Sauti inakwambia hawa ni wawili tofauti, lakini undugu ni kesi ingine. Chura mdogo ana mlio mwembamba na mkubwa ana mzito, kwa hivyo wadogo wawili wasio na ukoo wa karibu wanaweza kufanana masikioni kwa sababu ya mwili tu, na ndugu wa karibu wanaoishi kwa bwawa moja wanaweza kutofautiana sana ili jike asikosee bwana. Wazungu wana mfano mzuri huko Marekani, vyura wawili wa miti, Hyla versicolor na Hyla chrysoscelis, kwa macho huwezi kuwatenganisha, mmoja ana kromosomu 48 mwingine 24, na wanajulikana kwa mwendo wa midundo ya wito, ya versicolor inaenda polepole. Lakini wewe huwezi jua kwa kusikiliza wito kwamba versicolor ametokana na ukoo wa huyo mwenzake, hiyo imetoka kwa jeni.

Na kuna hii ya joto ambayo hawakuniambia dukani. Usiku ukiwa baridi midundo inapungua, ukiwa na joto inaenda mbio, sasa ukilinganisha rekodi ya usiku wa mvua Kakamega na ya usiku wa joto huku Dunga, Kisumu, bila kujua nyuzi joto, unaweza kumfanya chura mmoja kuwa wawili. Rekoda yangu haipimi joto, ikabidi ninunue themomita kando na kufunga hapo hapo kwa mti.

Mengine ni ya kawaida. Mvua ikipiga boksi inafunika kila kitu, na ndio wakati vyura wanaita sana, inaudhi. Mkanda ni mwepesi, kima waliuchezea wakaulegeza. Usiende tu kufunga vitu msituni, upande wa Buyangu uongee na KWS, watu wa wanyamapori, na Isecheno ni KFS, watu wa misitu, na kama ni utafiti utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi.

Kama unataka kujua nani ako kwa msitu wako, nunua. Kama unataka mti wa ukoo, tafuta mtu wa maabara ya DNA na umpelekee rekodi zako pamoja na sampuli. Na memori kadi chukua kubwa, hizi faili hazijabanwa na usiku mmoja unajaza haraka kuliko unavyodhani.