Bram Stoker's Dracula ya Williams: pinboli ya 1993 iliyonyimwa heshima yake

Wapenzi wa pinboli, yaani mashine za kupiga gololi ya chuma juu ya ubao wenye mteremko, wakianza kutaja mashine za filamu na televisheni za mwanzoni mwa miaka ya tisini, orodha huwa ni ileile: The Addams Family, Twilight Zone, Indiana Jones, Star Trek: The Next Generation. Bram Stoker's Dracula husahaulika. Kampuni ya Williams iliitoa mwaka 1993 kufuatia filamu ya Francis Ford Coppola ya 1992, na zikatengenezwa mashine 6,801 tu. The Addams Family ilikuwa imekwisha kuvuka 20,000, na Twilight Zone, iliyotoka mwaka uleule wa Dracula, ikapita 15,000. Isitoshe, huo ulikuwa mwaka wa mashine pana zilizojaa vifaa vya kustaajabisha, na Dracula ina upana wa kawaida na sura ya giza. Ilizaliwa katikati ya majitu, ikakosa mwanga.

Wanaoimiliki wanajua kilichomo ndani yake, ndiyo maana ni wagumu kuiachia. Ubunifu ni wa Barry Oursler na Mark Sprenger, programu ni ya Bill Pfutzenreuter, na ndani ya ubao huo mwembamba wameweka wazo moja ambalo hadi leo halijapata mpinzani wa maana: ukungu.

Chini ya ubao wa kuchezea kuna sumaku ya umeme inayosafiri kwa mota. Wakati wa ukungu ukifika, gololi iliyokuwa imejificha pembeni hutolewa na sumaku hiyo ikakokotwa taratibu kuvuka ubao kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kitu chochote kinachoonekana kuisukuma. Kazi yako ni kuipiga kwa gololi unayoichezea ili iachane na sumaku. Ukiipata, mchezo wa gololi mbili umeanza. Ukiikosa mpaka ikafika ng'ambo, nafasi imepita. Mlengwa anatembea, flipa zako, vile vipigio vya kurushia gololi, hazitembei, na pembe uliyoihitaji sekunde moja iliyopita si unayoihitaji sasa. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani anatazama mazingaombwe. Mwenye mashine anajua kwamba ni mota, reli, koili (waya uliosokotwa unaozalisha usumaku) na miale michache ya infraredi, na bado haachi kuitazama.

Ukungu ni mmoja kati ya michezo mitatu ya gololi nyingi. Mingine ni jeneza na ngome, na kila mmoja una njia yake ya kufunguliwa na jakpoti zake, yaani zawadi za pointi nyingi kwa mkupuo. Utamu wa sheria za mashine hii ni kwamba michezo hiyo inaweza kuendeshwa kwa pamoja. Miwili ikienda sambamba, jakpoti huongezeka mara mbili. Yote mitatu ikikutana, mara tatu. Kwa hiyo mchezaji mzoefu hakurupuki kuanzisha jeneza mara tu linapokuwa tayari. Anaandaa ngome kwanza, anasubiri ukungu uwe karibu, ndipo anaanzisha vyote kwa mfululizo. Kila sekunde ya kusubiri ni hatari, kwa sababu gololi inaweza kuzama na maandalizi yote yasikupe kitu. Hapo ndipo mapenzi ya watu kwa mashine hii yalipo. Kuna pinboli nyingi zenye kazi nyingi zaidi za kufanya, lakini chache zinazokulazimisha kuamua kama hii: uchukue kidogo sasa, au ungoje kikubwa huku vichochoro vya nje, njia za pembeni zinazomeza gololi, vikiwa wazi pande zote mbili.

Navyo vichochoro hivyo havina huruma. Dracula ni mashine ngumu, na malalamiko mengi dhidi yake yanatoka kwa watu walioicheza mara mbili tatu kwenye ukumbi, gololi zikazama upesi, wakaondoka. Sehemu ya ukali huo ni ya kweli, sehemu nyingine ni uwekaji mbaya. Mteremko wa ubao uwe nyuzi 6.5 hivi, ukipimwa juu ya ubao wenyewe na si juu ya kioo, na usawa wa kushoto na kulia upimwe karibu na flipa na tena kule juu. Ubao ukilala upande hata kidogo, gololi zitakwenda kwenye kichochoro kimoja kila mara nawe utalaumu mbunifu. Pendulamu ya kuzuia kutikisa nayo isiwekwe kali mno. Mashine hii imekusudiwa kusukumwa kidogo kwa viganja, na ukinyimwa ruhusa hiyo umebaki mtazamaji.

Sasa matengenezo, na tuanze na sumaku, kwa kuwa Dracula isiyo na ukungu unaofanya kazi ni nusu ya mashine. Tatizo la kawaida ni gololi kuachwa njiani: sumaku inaondoka, gololi inabaki. Usikimbilie kubadilisha koili. Kagua gololi kwanza. Iwe ya chuma cha kaboni, kipenyo milimita 27, uzito gramu 80 hivi, isiyo na mikwaruzo. Kisha safisha njia inayopita gololi hiyo na kuipaka nta, kwa sababu uchafu mweusi hujikusanya kwenye mstari huohuo na kuikwamisha. Baada ya hapo inua ubao, zima umeme, usogeze mfumo wa sumaku kwa mkono kama unaruhusu. Uende laini toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kagua waya zinazosafiri na sumaku. Waya unaokunjwa kila siku hukatikia ndani ya ganda lake, nje ukaonekana mzima. Mwisho ndipo upime koili kwa multimita, na kama ina harufu ya kuungua, pima pia transista inayoiendesha kabla ya kufunga koili mpya. Transista iliyokwama kwenye hali ya kuwaka itaichoma na hiyo mpya.

Tatizo la pili ni mashine kutojua gololi iko wapi. Ukungu unategemea jozi za infraredi, taa upande mmoja na jicho upande wa pili, zinazotambua gololi ikiwa juu ya sumaku na ikifika kwenye mfuko wa kushoto au wa kulia. Vumbi, plagi iliyolegea au kishikio kilichopinda vinatosha kuharibu mawasiliano hayo. Fungua mlango wa sarafu, ingia kwenye menyu ya majaribio, chagua jaribio la swichi linaloonyesha hali ya zote kwa pamoja, kisha katiza kila mwale kwa kipande cha kadibodi. Kumbuka kwamba swichi za mwanga husomeka kinyume: mwale usiokatizwa ndio swichi iliyofungwa. Usipolijua hilo utatafuta hitilafu isiyokuwepo. Kamera ya simu nyingi huonyesha mwanga wa infraredi kama nukta ya zambarau, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kujua kama taa iko hai.

Gololi zinastahili neno la ziada. Zile zinazong'aa kama kioo, zinazouzwa kwa sura yake, nyingi hushika usumaku zikikaa karibu na sumaku ya umeme. Zikishashika, hunatana kwenye mfereji wa chini, mashine ikahesabu vibaya na kurusha mbili kwa pamoja au kukataa kuanza mchezo. Kipimo chake hakihitaji kifaa: gusanisha gololi mbili, inua moja. Nyingine ikining'inia, zote zinakwenda kwenye taka. Kwa mashine hii nunua zisizoshika usumaku kwa urahisi, hata kama haziangazi sana.

Upande wa umeme, Dracula iko kwenye WPC, mfumo wa bodi za umeme wa Williams, na hilo ni jambo jema kwa mmiliki, kwa sababu magonjwa ya WPC yanajulikana na dawa zake pia. La kwanza ni betri tatu za AA zilizo juu ya bodi ya kompyuta. Zikivuja, kemikali yake hushuka kwenye bodi na kula njia za shaba, soketi na vipande vya karibu. Ukinunua mashine, hapo ndipo pa kutazama kabla hata ya kuiwasha. Rangi ya kijani au unga mweupe chini ya betri ni sababu ya kushusha bei sana. Bodi ikiwa safi, hamishia betri mbali kwa kishikio chenye waya, au weka kumbukumbu isiyohitaji betri kabisa.

La pili ni mashine kujizima na kuwaka upya katikati ya mchezo, hasa unapobonyeza flipa zote mbili kwa pamoja. Maana yake volti 5 zinashuka. Kwenye bodi ya nguvu, watuhumiwa ni kirekebishi BR2 (kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC) na kapasita C5 ya mikrofaradi 15,000, lakini anza na plagi na viungo vya lehemu vilivyopasuka, kwa kuwa hivyo havikugharimu kitu. La tatu ni plagi za taa za kawaida, J115, J120 na J121, ambazo hubadilika rangi na kuungua kwa joto la miaka. Ukikuta plastiki ya kahawia, badilisha pini za bodi na plagi ya waya kwa wakati mmoja. Kubadilisha upande mmoja ni kuahirisha tu.

Flipa zikiwa dhaifu, usibahatishe koili yenye nguvu zaidi. Namba ya koili imo kwenye kitabu cha mashine, na mara nyingi kosa si lake. Tazama kituo cha koili kilichopondeka kichwa, mkono ulioliwa tundu lake, na kifuko cha plastiki kilichochakaa ndani. Seti nzima ya kufufua flipa hupatikana kwa pamoja. Swichi ya mwisho wa mwendo kwenye mfumo huu ni ya umeme mdogo na hukaa wazi flipa ikiwa imelala. Isafishe kwa kadi ngumu ya karatasi, kamwe si kwa tupa.

Taa ni sehemu ambayo mashine hii hufaidika mno. Kwa balbu za zamani ubao una giza kiasi kwamba gololi hupotea kule juu. LED zenye mwanga wa manjano mpole, na nyekundu chache kuzunguka jeneza, zinaufufua mchoro bila kuufanya duka la simu. Chagua LED zisizomulika kwa mawimbi, kwa sababu taa za kawaida za WPC zinatumia umeme wa volti 6.3 unaobadilika mwelekeo, na LED za bei ya chini hutetemeka machoni. Faida ya ziada ni kwamba zile plagi zinazoungua zinapumzika, maana mkondo umepungua.

Sauti ni ya kizazi kilichotangulia DCS, mfumo wa sauti ambao Williams walianza kuutumia mwaka huohuo wa 1993. Muziki unatoka kwenye chipu ya FM, inayounda sauti za ala kwa umeme, na kuna wanaoiona kuwa pungufu. Mimi naona ala hizo za mashine zinaifaa ngome na jeneza kuliko okestra safi, mradi spika za asili, ambazo huwa zimechoka, zimebadilishwa.

Kwa anayeagiza kutoka Marekani kuileta Afrika Mashariki au Ghuba: transfoma ya mashine hizi inakubali umeme wa volti 230 na masafa ya Hz 50 kwa kupanga upya plagi yake kama kitabu kinavyoonyesha, na fyuzi kuu nayo hubadilika. Hilo ni bora kuliko kigeuza volti cha nje. Kwenye hewa ya pwani, nta ya ubao ipakwe mara nyingi zaidi na gololi za akiba zikae kwenye mafuta mepesi, la sivyo zitakuwa na kutu kabla hazijatumika.

Unapokwenda kuikagua, usikubali kuonyeshwa mashine inayowaka tu. Omba icheze ukungu mbele yako, uone gololi ikivuka hadi ng'ambo, na uone ikigongwa na kuachia. Muuzaji akisema "sehemu hiyo huwa inasumbua kidogo", hesabu gharama ya mota, koili, miale na siku kadhaa za kazi, kisha toa hesabu hiyo kwenye bei. Kwa anayetaka mashine ya kuwafurahisha wageni wasiowahi kucheza, Dracula ni kali mno. Kwa mwenye nia ya kucheza mashine ileile kwa miaka na bado akatetemeka ngome ikiwa tayari, jeneza likiwa tayari na ukungu ukianza kutembea, naipa alama 9 kati ya 10. Ile moja nimeikata kwa sababu ya vichochoro.