Nililipa wakala wa Ujerumani, nikavushwa na mwalimu wa barazani Kisasa

Wakala nampa nyota moja na nusu. Mwalimu wa Kijerumani nne na nusu. Hiyo nusu namkata kwa kiti cha plastiki kilichovunjika mguu ambacho kila mwanafunzi mpya lazima akikalie.

Mimi ni muuguzi wa stashahada. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai, nina miaka sita kazini hapa Dodoma, mingi ikiwa wodi ya wazazi, yote kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Februari 2024 mwenzangu wa zamu alinipa namba ya wakala "anayepeleka manesi Ujerumani". Ofisi safi, kiyoyozi, kibendera mezani. "Dada yangu, miezi sita upo Frankfurt." Nikatoa milioni moja na laki nane kwa awamu mbili. Ya kwanza nilikopa kwenye kikoba, ya pili mama aliuza mbuzi kule Kongwa.

Niseme kwa haki alichofanya. Alinifungulia barua pepe mpya, nywila akabaki nayo yeye. Alinisindikiza Uhamiaji kufuata pasipoti, ambayo ada yake ya 150,000 nililipa mwenyewe juu ya pesa yake. Na aliniandikia wasifu. Huo wasifu ndio ulionitoa usingizini, kwa sababu ulisema nimefanya ICU, wodi ya mahututi, miaka mitatu. Nikampigia: "Kaka, mimi ni wa wodi ya wazazi." Akanijibu, "Wazazi, ICU, si kote kuna wagonjwa?"

Miezi sita ikapita, Frankfurt haikuonekana. Kila nikipiga simu naambiwa "ubalozi wamejaza". Nikaanza kuuliza mwenyewe, na nilichokuta kiliniuma kuliko pesa. Tanzania ni miongoni mwa nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani liliziorodhesha mwaka 2023 kuwa zina upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kwa sheria ya Ujerumani, mawakala binafsi hawaruhusiwi kusaka wauguzi kwenye nchi zilizo katika orodha hiyo; mwenye ruhusa ni shirika la ajira la serikali yao peke yake. Lakini muuguzi mwenyewe akiamua kuomba kazi, hakuna anayemzuia. Yaani njia ninayoipita leo ilikuwa wazi kwangu tangu siku ya kwanza, ila kwa yule kaka ilikuwa imefungwa, na ndiye aliyekuwa akinitoza kunipitisha.

Na hapa nchini, wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Nilipomwomba anionyeshe yake, alinionyesha leseni ya biashara ya jiji. Ile hata muuza chipsi pale Nanenane anayo.

Ushauri niliokuwa naulipia nilikuja kuupata bure. Kuna kituo cha serikali ya Ujerumani kiko Bonn, kinaitwa ZSBA, kazi yake ni kuwashauri watu walio nje ya nchi hiyo wanaotaka taaluma zao zitambuliwe. Niliwaandikia kwa Kiingereza changu cha Form Four, wakanijibu hatua kwa hatua: jimbo gani niombe, karatasi zipi, nani azitafsiri. Hakuna aliyeniita dada yangu, wala hakuna aliyeniomba hela ya nauli.

Sasa mwalimu. Ni mzee mstaafu, alisoma Leipzig enzi za Ujerumani Mashariki, anafundisha barazani kwake Kisasa chini ya mzabibu, jioni nne kwa wiki. Laki moja na nusu kwa mwezi. Mwezi wa Julai upepo wa Dodoma unapeperusha daftari na vumbi linakaa kwenye meno, yeye anaendelea tu. Siku ya kwanza tulipolalamikia der, die na das, vile vineno vitatu vinavyotangulia majina ya Kijerumani kwa jinsia, alitutazama juu ya miwani. "Kichwani mnatembea na ngeli za Kiswahili zote hizo, kiti-viti, mti-miti, ua-nyua, leo mnaogopa tatu?" Tukanyamaza. Tangu siku hiyo nilikuwa nayakariri majina kama ngeli, neno na kiambishi chake pamoja, na kweli yalikaa.

Anachokosa ni mazoezi ya kusikiliza. Sauti anayotumia inatoka kwenye kaseti ya zamani, Mjerumani anazungumza kama anasoma taarifa ya habari. Ndiyo maana mtihani wa B1, ngazi ya kati ya Kijerumani, Machi 2025 kule Dar, nilifaulu kusoma, kuandika na kuzungumza, kusikiliza nikaanguka. Kila sehemu inataka alama 60 kati ya 100, mimi nilipata 53. Uzuri ni kwamba B1 unarudia sehemu uliyofeli tu. Nikajifungia miezi mitatu na bando na vipindi vya redio zao, Juni nikapita. B1 ni ya kuanzia, lakini. Leseni kamili ya uuguzi kule kwa kawaida inataka B2, ngazi inayofuata, kwa hiyo barazani bado nipo.

Kwa mnaotaka kufuata njia hii, pesa na nguvu zenu ziwekeni kwenye karatasi za chuo. Hapo ndipo kwenye jasho. Vyeti na matokeo peke yake havitoshi. Wajerumani wanataka wajue ulisoma somo gani kwa saa ngapi, na wodi gani ulifanya mazoezi kwa saa ngapi, kwa sababu wanalinganisha na mafunzo yao ambayo ni saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Chuo changu hakikuwa na karatasi ya namna hiyo. Nilienda mara tano. Mara ya nne mama wa masjala aliniambia, "Mwanangu, hizi saa nani alikuwa anazihesabu?" Ya tano tulikaa naye tukazihesabu kutoka kwenye mtaala na kitabu changu cha mazoezi, mkuu wa chuo akapiga muhuri. Nilimpelekea zabibu za elfu kumi, akakataa, akachukua za elfu tano.

Barua kutoka jimbo la Ujerumani nililoomba kutambuliwa ilikuja Septemba. Haikukataa wala haikukubali. Iliorodhesha mapengo, kubwa likiwa huduma ya wazee. Wodi ya wazazi niliyojivunia hainisaidii sana, kwani kwao uuguzi na ukunga ni taaluma mbili tofauti, kila moja na leseni yake. Unachagua mtihani wa kuthibitisha ujuzi au mafunzo ya kuziba mapengo chini ya usimamizi. Nimechagua mafunzo. Oktoba nikapata mkataba na nyumba ya wazee, niliyoiandikia mwenyewe, kwa wasifu usio na ICU.

Kuhusu mshahara, wakala alinitajia wa muuguzi kamili. Hakusema kwamba kabla ya kutambuliwa unalipwa kama msaidizi. Kima cha chini kwenye nyumba za wazee kilichoanza Julai 2025 kilikuwa yuro 20.50 kwa saa kwa muuguzi kamili. Msaidizi asiye na mafunzo yao ilikuwa 16.10. Na hiyo ni kabla ya kodi, bima na pango. Shemeji yangu alishaanza kupiga hesabu ya kiwanja Iyumbu. Nilimwomba apunguze kasi.

Mahojiano ya viza ni Dar, maana sisi ndio makao makuu ila ubalozi uko Umoja House. Nilipanda SGR ya alfajiri, 31,000 daraja la kawaida, saa nne asubuhi nikawa mjini nikiwa sijakunjika sketi. Ada ya viza yuro 75. Yule afisa aliniuliza kwa Kijerumani kwa nini naenda kutunza wazee wakati nilikuwa nazalisha. Nikamjibu bila kugugumia, na das nikaiweka mahali pake. Sasa nasubiri.

Wakala nilimwandikia barua ya kudai pesa, nakala nikapeleka ofisi ya kazi. Alirudisha laki sita ndani ya siku nne. Zilizobaki ameahidi "wiki ijayo", na huu ni mwezi wa pili wa wiki ijayo. Barua pepe aliyonifungulia bado anayo. Juzi alinitumia tangazo humohumo: nafasi za manesi Kanada, miezi mitatu tu.